Tundu la ukubwa wa sahani

Asubuhi ile nilichelewa kuamka. Zamu yangu wodini huanza saa moja kamili, na ilipofika saa kumi na mbili na robo bado nilikuwa natafuta soksi ya pili. Nilipotoka nje, gari lilikuwa jeupe pe, hata rangi yake haionekani. Juu ya paa theluji ilikuwa imelala kina cha kiganja, na kioo cha mbele kilikuwa kimeshikwa na barafu ngumu. Sikuwa na kifaa chochote. Nilitoa kadi ya plastiki kwenye pochi, nikakwangua mbele ya usukani tundu la ukubwa wa sahani, nikapuliza vidole vilivyokufa ganzi, nikaingia nikaondoka.

Barabara ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili ina kivuko cha waenda kwa miguu. Nilipunguza mwendo, nikachungulia kupitia tundu langu, sikuona mtu. Nikagusa breki, na hapo hapo theluji yote ya paani ikaporomoka mbele, ikafunika kioo kizima pamoja na lile tundu. Nilikanyaga breki mpaka mwisho, magurudumu yakateleza kidogo, gari likasimama. Nilishuka mbio nikaanza kufuta kwa mikono mitupu, na ndipo nilipomwona: mzee mwenye mkongojo, amesimama ndani ya kivuko, hatua mbili kutoka kwenye bampa, upande ule wa kioo ambao sikuugusa kabisa. Hakunigombeza. Alinitazama usoni, akatazama kioo, kisha akaendelea kuvuka taratibu.

Ni miaka sita sasa, na bado naiona ile mikono yake miwili juu ya mkongojo. Kila msimu wa baridi kuna mtu anayeingia barabarani kwenye theluji kwa mara ya kwanza, na mara nyingi hakuna aliyemweleza lolote. Wewe uliyefika juzi kwenye nchi ya theluji, haya ya kusafisha gari nakuandikia wewe.

Aliyenifundisha mimi ni mjomba wangu, aliyeendesha malori kwenye baridi kwa zaidi ya miaka 20. Nilimpigia simu siku ile ile wakati wa mapumziko, sauti bado inatetemeka.

"Mjomba, leo nusura nimgonge mtu."

"Pole, mwanangu. Kioo ulikisafisha?"

"Nilikwangua mbele."

"Mbele yote?"

Nikanyamaza. Naye alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Jumamosi nitakuja alfajiri. Usiliguse gari mpaka nifike."

Alikuja kweli, na usiku wa kuamkia siku hiyo theluji ilikuwa imeanguka tena. Nilidhani angeanza na kioo. Alipita moja kwa moja hadi nyuma, akapiga goti, akaanza kuchimbua theluji kwenye ekzosi, lile bomba la moshi, kwa mkono wenye glavu.

"Hapa kwanza," alisema. "Hapa ndipo panapoua."

Mimi ni muuguzi, na jambo hilo nalijua kwa upande wa kitandani. Ekzosi ikizibwa na theluji huku injini inanguruma, moshi hukosa pa kutokea, hurudi chini ya gari na kupenya ndani. Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na anayelala hapo anaweza asiamke. Ndiyo maana huwa nashtuka nikiona mzazi amewasha gari na hita, amewaketisha watoto ndani wapate joto, huku yeye anahangaika na kioo na nyuma ya gari kumejaa theluji hadi kwenye bampa. Zibua ekzosi kabla ya kugusa swichi. Theluji ikiendelea kuanguka, au gari la kusafisha barabara likipita na kukurushia lundo, rudi ukaangalie tena. Na usiwashe injini ndani ya gereji kusubiri barafu iyeyuke, hata kama mlango uko wazi. Litoe gari nje.

Kabla ya kuwasha kuna jambo moja dogo la kukumbuka: swichi ya waipa iwe imezimwa. Magari mengi ya siku hizi yana waipa zinazojiwasha zenyewe zikihisi maji. Ukiwasha gari waipa zikiwa zimegandia kioo, mota huvuta na waipa hazitoki. Hapo ama fyuzi inakatika, ama ule mpira mwembamba wa waipa unachanika, na mpira ukichanika utapakaza maji kwenye kioo msimu mzima. (Waipa zenyewe zilizaliwa na tatizo hili hili. Mwaka 1903 mwanamke Mmarekani, Mary Anderson, alipata hataza ya kifuta kioo cha kuzungushwa kwa mkono kutoka ndani, baada ya kumwona dereva wa tramu jijini New York akihangaika kuona mbele kwa sababu ya theluji ya majimaji.)

Ukishawasha, elekeza upepo wote kwenye kioo cha mbele, anza na joto la wastani kisha ongeza polepole. Washa na kiyoyozi. Watu wengi hushangaa: kiyoyozi kwenye baridi? Lakini kiyoyozi hukausha hewa, na hewa kavu ndiyo inayoondoa ukungu kioo kwa ndani. Zima kile kitufe kinachozungusha hewa ile ile ya ndani, maana hewa hiyo ina unyevu wa pumzi zako na wa viatu vyako. Washa na nyaya za joto za kioo cha nyuma. Kisha shuka, uache hita ifanye kazi yake wakati wewe unafanya yako.

Halafu paa. Mjomba alinikabidhi brashi yenye mpini mrefu na nywele laini, akaniambia nianze juu kabisa. Mimi nilitaka kuanza na vioo, kwa sababu ndivyo vinavyoniwezesha kuona. Akaniacha nisafishe kioo kimoja cha pembeni mpaka kikang'aa, kisha akapitisha brashi mara moja juu ya paa, theluji yote ikashuka juu ya kioo changu. Sikuhitaji maelezo zaidi. Hufanywa kutoka juu kwenda chini: paa, kioo cha nyuma na buti, vioo vya pembeni, kioo cha mbele, boneti.

Watu hudharau theluji ya paani kwa sababu wanaiona nyepesi. Hebu piga hesabu. Paa la gari dogo ni kama mita mraba 2. Theluji ya kina cha sentimita 20 juu yake ni mita za ujazo 0.4. Theluji mpya iliyo kavu ina uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo umebeba kilo 20 hadi 40 kichwani. Ikiwa imelowa au imekaa siku kadhaa ikashindiliwa, hufika kilo 300 kwa mita ya ujazo, na hapo mzigo wako ni kilo 120. Ukifunga breki, mzigo huo huja mbele kama ulivyonijia mimi. Ukishika kasi, huruka nyuma. Na kama usiku joto lilipanda kidogo kisha likashuka tena, theluji hugeuka bamba la barafu, na bamba likiruka kwenye barabara kuu humpata wa nyuma usoni. Nchi nyingi zenye baridi sheria inamtaka dereva aondoe theluji gari zima kabla ya kuondoka, lakini hata pasingekuwa na sheria, nani anataka kumrushia mwenzake kitu kama hicho?

Usitumie koleo wala ufagio mgumu, huchubua rangi. Wala usisugue mpaka chini kabisa. Ukibakiza utando mwembamba juu ya rangi si tatizo, bora usichore mwili wa gari. Pale chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa, kuna matundu yanayoingiza hewa ndani ya gari. Yazibue vizuri. Yakijaa theluji, hita yako inavuta unyevu mtupu, kisha unashangaa kwa nini kioo hakikauki.

Sasa barafu yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Kuyeyusha barafu ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Chukua barafu ya unene wa milimita 2 kwenye kioo cha mita mraba moja na nusu: ni karibu kilo 3. Kila kilo inahitaji kilojuli 334 ili igeuke maji tu, bila hata kupata joto. Kwa kilo zote 3, nguvu hiyo ingetosha kupasha lita 3 za maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Injini ndiyo kwanza imewaka, bado baridi, haina joto hilo la kukupa. Ndiyo maana aliyekaa ndani akisubiri hukaa sana, akichoma mafuta bure. Lakini kukwangua hakuyeyushi kitu. Unachovunja ni ule mshiko wa barafu kwenye kioo, na huo unakatika kwa nguvu ndogo ukijua pa kuanzia.

Kikwangulio changu ni cha plastiki ngumu, kipana kama kiganja, upande mmoja makali yaliyonyooka na upande wa pili meno. Barafu ikiwa nene, natangulia na meno, nachora mistari ya kwenda juu na ya kukatisha, kama anayechanja samaki kabla ya kukaanga. Kisha nageuza upande wa makali, nakilaza kwa pembe ya nyuzi 45 na kusukuma mbele, mfupi mfupi. Sianzi katikati. Naanzia chini, pale upepo wa hita unapopiga kwa ndani. Ukiinama ukaangalia kwa karibu baada ya dakika nne au tano, utaona kitu kizuri: chini ya barafu nyeupe kunatokea mstari mweusi mwembamba, nao unatambaa polepole kwenda juu. Huo ni utando wa maji kati ya kioo na barafu. Makali yakifika hapo, sauti inabadilika. Ile kwaruza-kwaruza kavu inakufa, unasikia mlio mlaini, na barafu inanyanyuka vipande vipande kama ganda la yai lililochemshwa vizuri. Mara ya kwanza nilipoona, nilimwita mjomba aje atazame, naye akatazama kama vile hajawahi kuona.

Je, kioo hakichubuki? Barafu yenyewe haina uwezo huo. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, barafu iliyo karibu na nyuzi 0 ni kama 1.5, kioo ni kama 5.5. Kinachochora kioo ni mchanga wa barabarani uliogandia humo, kwa sababu chembe za mchanga nyingi ni kwatzi, madini magumu kuliko kioo, na kwatzi ni 7. Kwa hiyo ondoa theluji yote kwa brashi kabla ya kukwangua, futa makali ya kikwangulio mara kwa mara, na kikipata pengo kitupe. Ile kadi yangu ya pochi iliniachia mikwaruzo miwili ambayo mpaka leo naiona nikitazamana na taa za gari linalokuja.

Maji ya moto usimwage. Narudia kwa upendo kabisa: usimwage. Jirani yangu mmoja alitoka na birika, akalimimina kwenye kioo cha mbele, na alama ndogo ya jiwe ambayo alikuwa nayo tangu kiangazi, isiyozidi punje ya mchele, ikakimbia mbele ya macho yetu ikawa ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Kioo kinachopashwa ghafla upande mmoja hutanuka upande huo, huku kwingine kumejikunja kwa baridi, na palipo dhaifu ndipo panapoachia. Hata kikinusurika, maji yale hushuka, hugandia waipa na milango, na yaliyobaki hutengeneza sakafu ya barafu pale pale unapokanyaga ili uingie.

Kinachosaidia kweli ni spiriti. Nachanganya sehemu mbili za spiriti ya isopropili na sehemu moja ya maji kwenye chupa ya kupulizia. Spiriti hiyo ikiwa tupu haigandi mpaka nyuzi 89 chini ya sifuri, na ikichanganyika na barafu huilazimisha kulainika hata kwenye baridi kali. Napulizia kutoka juu, nasubiri dakika moja, kisha nakwangua. Ni nzuri hasa kwa jalidi, ile barafu nyeupe nyembamba ya usiku mkavu. Inashika moto haraka, kwa hiyo pasiwe na anayevuta sigara karibu, na usipulizie ndani ya gari. Siki wanayoshauriana watu haina nguvu hiyo. Chumvi hula chuma, iache.

Mlango uliogandiana usiuvute kwa hasira. Mpira unaozunguka mlango ndio ulioshikwa, na ukivuta sana unatoka na kipande chake. Usukume kwanza kuelekea ndani kwa bega au kiuno, mara mbili tatu, kuanzia juu hadi chini, ili barafu ipasuke. Kisha jaribu kufungua taratibu. Ukigoma, jaribu mlango wa upande wa pili au wa nyuma. Mimi mwanzoni mwa baridi hukausha mipira yote kwa kitambaa na kuipaka silikoni, na tangu nianze kufanya hivyo haijanishika hata mara moja. Kitasa kikiganda usikipulizie mdomo, pumzi ina maji, nayo yataganda humo humo.

Taa zifute zote, mbele na nyuma, pamoja na indiketa, namba za gari, kamera ya nyuma na sensa za kwenye bampa. Taa za zamani zilikuwa na joto la kutosha kuyeyusha theluji iliyozigandia. Taa za LED hazina joto hilo upande wa mbele, kwa hiyo usizitegemee kujisafisha, na njiani theluji ikiwa inapiga sana, simama mahali salama uzifute tena. Kabla ya kuingia, piga viatu pamoja, dondosha theluji yote nje. Ile unayoingia nayo huyeyuka kwenye mazulia, hupanda hewani, na usiku huganda kioo kwa ndani. Barafu ya ndani ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu kikwangulio hakifiki vizuri pembeni na maji yote yanakudondokea juu ya dashibodi. Mazulia yakilowa, yatoe ukayaanike.

Nusu ya kazi hii unaweza kuimaliza jioni. Kioo hupoteza joto kwenda kwenye anga tupu, na usiku usio na mawingu hupoa kuliko hewa iliyokizunguka. Ndiyo maana unaweza kuona kipimajoto kinasema nyuzi 2 juu ya sifuri na bado gari limeshika jalidi. Vioo vya pembeni vilivyosimama wima hushika kidogo, cha mbele kilicholala kutazama juu hushika sana. Ukiweka kitu chochote kati ya kioo na anga, paa la banda, matawi ya mti, au kifuniko kikavu cha kioo kilichobanwa na milango, umeokoa dakika kumi. Kisiwe na maji tu, kikilowa kitagandia kioo na utakuwa na vitu viwili vya kubandua. Kama huna pa kujificha, elekeza uso wa gari mashariki, jua likichomoza likusaidie. Inua waipa zisiguse kioo. Kwenye tambarare, nikijua usiku utakuwa mkali baada ya mvua au kuosha gari, situmii hendibreki, kwa sababu breki zilizolowa zinaweza kugandiana. Naacha gari kwenye gia, au kwenye P kwa la otomatiki, na naweka kizuizi kwenye gurudumu. Na maji ya kuoshea kioo yawe yale ya baridi, yasiyoganda, maana yale ya kawaida yakiganda kwenye tangi hutayapata pale lori litakapokurushia tope usoni.

Yote haya kwangu huchukua dakika kumi na tano, ishirini theluji ikiwa nyingi. Siku hizi naweka kengele ya simu mapema kila ninapoona utabiri wa jalidi. Ninapomaliza, nazunguka gari mara moja, naingia, nageuza kichwa kushoto, kulia na nyuma, na mahali ambapo sioni nje kwa uwazi nashuka nirudie. Kile kivuko bado nakipita kila zamu ya asubuhi.

Nina vikwangulio viwili. Kimoja kiko kwenye gari, kwa ajili ya jioni nikitoka kazini. Cha pili, pamoja na chupa ya spiriti, kinakaa ndani ya nyumba kwenye msumari karibu na mlango, tangu ile asubuhi niliposimama nje na funguo mkononi, milango yote minne imeganda, na kupitia dirishani nakiona kikwangulio changu kimelala kwenye kiti.